Vishikio Vilivyong'olewa: Baridi, Pikipiki za Umma na Neno "Anasa"

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni afisa ugani katika kata moja ya Nyanda za Juu Kusini, alinitumia picha ya barua aliyoandikiwa na ofisi yake. Chini ya picha aliweka maneno machache: "Shikamoo Mwalimu. Naomba unisomee hii, huenda mimi ndiye nisiyejua Kiswahili."

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, yenye muhuri na kumbukumbu namba. Ilimjulisha kwamba katika ukaguzi wa kawaida wa vyombo vya usafiri imebainika kuwa amefanya mabadiliko ya kiufundi kwenye pikipiki ya Serikali bila kibali. Ikamtaka aondoe "vifaa hivyo vya anasa" ndani ya siku saba. Na ikamtaka aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu. Ofisi siitaji, kwa sababu kijana bado anaitegemea kwa mshahara wake, na kwa sababu barua ya namna hiyo ingeweza kuandikwa na ofisi nyingine yoyote nizijuazo.

Vifaa vyenyewe ni vishikio vya joto. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda hajawahi kuviona, basi nieleze. Ni ile mipira miwili ya kushikia kwenye usukani wa pikipiki, ila ndani yake zimepitishwa nyaya nyembamba zinazopata moto zikipitiwa na umeme wa betri, kama zifanyavyo nyaya za pasi, lakini kwa nguvu ndogo sana. Kuna swichi yenye ngazi tatu au nne za joto. Basi. Kijana aliviagiza kwa njia ya intaneti kwa fedha yake mwenyewe, akamlipa fundi kwa fedha yake mwenyewe, akavitumia kwenda kwa wakulima wa viazi na pareto ambao Serikali imemwajiri awahudumie.

Nimeisoma barua ile mara nyingi. Ina neno moja la haki, nalo ni "kibali". Mali ya umma haifungwifungwi vitu kama baiskeli ya mtoto, na nitalirudia jambo hilo, kwa sababu umeme wa pikipiki si wa kuchezea. Lakini ina neno jingine, "anasa", na hilo ndilo linalonifanya niandike. Neno hilo si la fundi wala la mkaguzi. Ni hukumu ya kisiasa kuhusu mwili wa nani unastahili kuhurumiwa na mwili wa nani umeumbwa kwa ajili ya kuvumilia.

Tuanze na baridi yenyewe, maana wengi wanaoamua mambo haya huijua kwa kuisikia. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka hapo kuelekea Makete, au ukipanda kutoka upande wa Mbeya, unafika uwanda wa Kitulo ulio juu ya mita 2,600, ule ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Watalii huenda wakati wa maua. Afisa ugani huenda pia Juni na Julai, wakati sakitu inapolala juu ya majani alfajiri na mkulima anapoamka kukuta viazi vyake vimeungua kwa baridi. Hali ya nyuzi joto tano asubuhi kwenye maeneo hayo si habari ya gazeti. Ni Jumanne ya kawaida.

Sasa mpandishe mtu juu ya pikipiki. Kanuni ya kukadiria ubaridi wa upepo, ambayo Kanada na Marekani zimekuwa zikiitumia tangu 2001, inasema kwamba hewa ya nyuzi tano ikikupiga kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba iko kwenye hewa tulivu iliyo chini ya sifuri kwa nyuzi mbili hivi. Ikiwa ni nyuzi kumi, inakuwa kama tano. Hesabu hiyo ni ya ngozi kavu. Ukungu ukishalowesha glovu za pamba, hali inakuwa mbaya zaidi. Wala mkono haupati nafasi ya kujificha. Uso una kofia ngumu, kifua kina koti, miguu iko karibu na injini. Mikono iko mbele, juu, imekunjwa, haisogei, na upepo unaipokea kwanza.

Nini hutokea? Mwili una busara yake. Ukihisi baridi hubana mishipa ya damu ya vidole ili kulinda moyo, mapafu na ubongo; vidole hutolewa kafara. Ngozi ya mkono ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi, wepesi wa vidole hupungua waziwazi. Ikikaribia nane, hisia ya mguso nayo huondoka. Mishipa ya fahamu hupeleka habari polepole zaidi. Misuli hukaza. Yeyote aliyewahi kujaribu kufunga vifungo vya shati asubuhi ya Makete anaelewa, hahitaji maabara.

Lakini kifungo cha shati hakiui mtu. Kwenye pikipiki, mkono wa kulia ndio unaoshika mafuta na breki ya mbele; wa kushoto ndio unaoshika klachi. Breki ya mbele ndiyo yenye sehemu kubwa ya nguvu ya kusimamisha chombo, kwa kuwa uzito wote huegemea mbele unapofunga breki. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hupita takriban mita 17 kila sekunde. Ikiwa vidole vilivyoganda vinachelewa kwa nusu sekunde tu kuukunja mkono wa breki, chombo kimeshasogea mita nane na zaidi kabla ya breki kuanza kazi. Mita nane ni upana wa barabara nzima ya lami na mabega yake. Ni umbali kati ya mtoto aliyevuka salama na mtoto ambaye hakuvuka.

Kwa hiyo ninaposoma neno "anasa" najiuliza: mwandishi wa barua anadhani kile kilichopashwa moto ni nini? Anadhani ni raha ya afisa ugani. Kumbe kilichopashwa moto ni breki.

Nikumbuke kisa. Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye warsha ya usalama barabarani. Mada zilikuwa zile zile: mwendo kasi, ulevi, kupakia mishikaki, leseni, kofia ngumu, na neno lililotawala siku nzima, "nidhamu". Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Wodi za mifupa zimejaa vijana waliokatika miguu na anayelipuuza hilo ni mwendawazimu. Ila kipindi cha maswali kilipofika niliuliza kama kuna yeyote aliyetafakari suala la baridi kwa madereva wa nyanda za juu: glovu, kinga za upepo, hata vishikio vya joto. Ukumbi ulicheka. Haukuwa ubaya; kilikuwa kicheko cha watu waliokula vizuri mchana. Mtoa mada mmoja, mtu mpole kwelikweli, akanijibu kwa tabasamu, "Mwalimu, wale wamezoea."

Wamezoea! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nimeishi na neno hilo tangu siku ile na nimelitambua kuwa ni ndugu wa maneno mengine tunayoyafahamu. Wanawake wa vijijini wamezoea kubeba maji. Wachimbaji wadogo wamezoea vumbi. Walimu wa mazingira magumu wamezoea. Kila mara neno hilo linapotamkwa, anayelitamka ni yule asiyepatwa, na maana yake ya kiutawala ni moja: hakuna fungu la bajeti. Na kwa habari ya vidole, si kweli hata kidogo. Mtu huweza kuzoea kutolalamika, lakini kidole chake kikifika nyuzi nane kitakufa ganzi kama cha mgeni aliyeshuka kwenye basi jana.

Tena madereva wenyewe wanajua hawajazoea. Ushahidi umo katika ujanja wao. Tazama dereva wa bodaboda wa Njombe, au wa Limuru na Nyahururu upande wa Kenya, alfajiri. Koti kalivaa kinyume, zipu mgongoni, ili upepo usipate pa kupenya kifuani. Ndani ya koti pengine kuna boksi lililokunjuliwa au gazeti. (Kuna haki ya kifiziolojia hapo: kifua kikipata joto, mwili hulegeza mishipa ya vidole.) Akisimama kituoni huchuchumaa na kuweka viganja karibu na injini kama mtu anayeota moto wa kuni. Na kwenye usukani wake, mara nyingi, utaona mifuko miwili mikubwa ya ngozi bandia au turubai, iliyoshonwa na fundi wa viti vya pikipiki, ambamo mikono huingia hadi kwenye kifundo. Huko Hanoi wakati wa baridi, na kaskazini mwa China, mamilioni ya watu huendesha na mifuko kama hiyo. Anayefanya yote haya si mtu aliyezoea. Ni mtu anayejitetea peke yake kwa vitu alivyookota.

Wapo watakaoniambia kwamba vishikio vya joto ni vya pikipiki kubwa za Wajerumani, za wazee wastaafu wanaozunguka Alps. Ni kweli BMW wamevifunga kwa miongo kadhaa, na ni kweli mwenye pikipiki ya aina hiyo hanihitaji mimi nimtetee. Lakini nendeni Japani mkatazame pikipiki ya tarishi. Honda hutengeneza toleo maalumu la Super Cub kwa ajili ya posta, rangi nyekundu, linaloitwa MD. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 110, ndogo kuliko ya Boxer au TVS nyingi mnazoziona kwenye vijiwe vyetu. Haina madoido. Ina kapu la barua mbele, kibebeo nyuma, na vishikio vya joto kutoka kiwandani. Hakuna aliyefikiri tarishi anaendekezwa. Walifikiri kama watu wanaotaka barua zifike na tarishi arudi: mtu huyu atakuwa nje kwenye baridi saa nyingi, atasimama na kuondoka mara mamia, mikono yake ndiyo chombo cha kazi. Mwajiri akaandika hitaji, kiwanda kikatimiza. Tofauti kati ya tarishi yule na afisa ugani wetu haimo kwenye injini. Imo kwa mtu aliyekaa mezani na kuandika maelezo ya chombo kabla hakijanunuliwa.

Niwe mwadilifu sasa kwa mwandishi wa barua, maana hofu ya umeme ni hofu halali, na katika hilo nimejifunza kwa mafundi zaidi kuliko nilivyojifunza chuoni.

Seti ya kawaida ya vishikio vya joto, ikiwa kwenye ngazi ya juu, hula wati 30 hadi 40, wakati mwingine zaidi. Kwa betri ya volti 12, wati 36 ni ampea tatu. Hiyo ni sawa na kuongeza taa kubwa ya pili, kwa kuwa balbu ya pikipiki nyingi ndogo ni ya wati 35. Koili ya kuchajia ya pikipiki ndogo haina ziada nyingi, hasa injini ikiwa inanguruma chinichini bila kuvuta. Betri nyingi za pikipiki hizi ni za ampea-saa tano hivi. Ukiacha vishikio vinawaka injini ikiwa imezimwa, kabla saa moja haijaisha vizuri huna nguvu ya kupigia stata. Na kuna tabia ya madereva wetu ya kuzima injini kwenye mteremko mrefu ili kuokoa mafuta. Mwenye tabia hiyo asifunge vishikio hivi mpaka aiache, na aiache kwa sababu nyingine pia, maana kushuka mlima injini ikiwa imezimwa ni kujinyima breki ya injini.

Kwa hiyo fundi anayejiheshimu hafungi kabla ya kupima. Huwasha injini, huipandisha hadi kasi ya kuendeshea, huwasha taa zote na vishikio, kisha huweka mita kwenye betri. Ikisoma volti 13 na kuendelea, koili inamudu. Ikishuka chini ya 12 na nusu, pikipiki inakula akiba, na jibu la haki ni kwamba chombo hicho hakifai kwa vishikio vya nguvu hiyo. Zipo pikipiki ambazo kweli hazifai, hasa zile za bei ya chini kabisa zisizo na stata. Kubadilisha balbu kuwa ya LED huokoa wati kadhaa, lakini fundi ajue kwamba kwenye baadhi ya pikipiki taa kubwa hulishwa moja kwa moja na koili bila kupita kwenye betri, hivyo kilichookolewa hakiendi kwenye vishikio mpaka waya zipangwe upya.

Umeme wa vishikio utoke kwenye betri kupitia fyuzi yake wenyewe, na uruhusiwe na rilei inayofunguka kwa swichi ya ufunguo, ili ufunguo ukitolewa kila kitu kizime. Anayeunga waya wa vishikio kwenye waya wa honi kwa mkanda wa plastiki anatengeneza moto, na si ule wa kupasha mikono. Halafu upande wa mafuta. Kishikio cha kulia huzunguka. Waya wake lazima uachiwe ulegevu wa kutosha kuzunguka nacho, upite mahali usipoweza kubana, na mkono wa mafuta ukiachiwa urudi wenyewe kwa mshtuko, usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa, kulia kabisa na katikati. Kama haurudi, toa kila kitu uanze upya. Pikipiki ambayo mafuta yake yamekwama wazi ni mbaya kuliko mikono ya baridi.

Katika kuchagua, watu wengi hutazama rangi na idadi ya ngazi za joto. Tazameni kwanza upande wa kushoto. Kishikio cha kulia hukaa juu ya bomba la plastiki linalozungushwa, na plastiki huzuia joto lisipotee. Cha kushoto hukaa moja kwa moja juu ya chuma cha usukani, na chuma hulinyonya. Seti nzuri huwa na nguvu tofauti kwa kila upande ili mikono yote ipate joto sawa. Seti duni huunguza kulia na kubaki vuguvugu kushoto. Usukani mwingi una unene wa milimita 22, lakini pimeni. Mwenye viganja vidogo, na hapa nawafikiria maafisa ugani wanawake ambao hakuna aliyewahi kuwauliza lolote kuhusu pikipiki wanazopewa, ajaribu unene kwanza, kwa sababu vishikio hivi huwa vinene kuliko vya kawaida na huweza kuuweka mkono wa breki mbali na vidole. Bora zaidi ni vile vyenye kidhibiti kinachopima volti na kujizima betri ikishuka.

Na bado, vishikio peke yake havitoshi. Vinapasha kiganja, upepo unapiga mgongo wa vidole. Kwa hiyo anayetaka kutumia fedha kwa akili aanze na upepo: kinga ngumu za mikono mbele ya usukani, au ile mifuko ya fundi wa viti. Mifuko ina kasoro yake nayo. Ikiwa laini sana, upepo wa mwendo huisukuma ikalala juu ya mkono wa breki au klachi, na dereva anasafiri breki ikiwa imeshikwa kidogo bila kujua. Iwekewe kitu kigumu ndani, nafasi ibaki kati yake na breki, na mkono uweze kutoka kwa mara moja. Vishikio vya joto ndani ya kinga nzuri vinahitaji kuwashwa kwenye ngazi ya chini tu, na hapo hata koili ndogo inapumua. Glovu nazo ziwe nene mgongoni na nyembamba kiganjani. Glovu nene pande zote hukinga mkono na baridi na pia huukinga na joto ulilolinunua. Viwashwe mapema, dakika chache baada ya kuanza safari, kabla vidole havijafa ganzi. Mkono uliokwisha kuganda huchukua muda mrefu kurudi, tena hausikii ukiungua.

Hayo yote, ndugu zangu watumishi wa umma, yangeweza kuandikwa na afisa mmoja mwenye nia katika kurasa mbili na kuitwa mwongozo. Ndiyo maana barua ile inanikera. Ofisi iliyohofia usalama wa umeme ingemwita kijana, ingempa fundi wa kukagua, ingesema: rilei haipo, weka; waya huu unabana, rekebisha; kibali hiki hapa. Badala yake ilisema "anasa", na kwa neno hilo ikajivua kazi ya kufikiri.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, kwa kuwa haina utata mwingi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri kulinda usalama na afya ya anayemfanyisha kazi, na kumpatia vifaa vya kinga. Afisa ugani ni mwajiriwa. Barabara ya kwenda kwa mkulima ni mahali pake pa kazi zaidi ya kiti chake cha ofisini. Mwaka 2022 Serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani nchini, jambo nililolisifu wakati ule na ninalolisifu sasa. Lakini tukinunua kwa maelfu, sisi ndio mnunuzi mkubwa, na mnunuzi mkubwa ndiye mwenye haki ya kueleza anachotaka. Katika maelezo ya kiufundi yanayopandishwa kwenye mfumo wa NeST hakuna kinachozuia kuandikwa kwamba pikipiki ziendazo halmashauri zilizo juu ya mita 1,800, kwa mfano, zije na kinga za mikono, koili yenye uwezo wa ziada na vishikio vya joto. Seti za bei nafuu zinazouzwa mtandaoni hazifiki dola 30. Zenye majina makubwa hupita 80. Kwa pikipiki inayogharimu shilingi milioni mbili na nusu au zaidi, seti ya bei nafuu haifiki asilimia tano. Tunatumia zaidi kwa stika za uzinduzi, nilitaka kuandika, lakini hilo sina risiti yake.

Wanaharakati wataniuliza: na bodaboda je? Swali ni zito kuliko nililolimaliza. Dereva wa bodaboda aghalabu si mwajiriwa wa mtu machoni pa sheria. Chombo ni cha tajiri. Yeye anapeleka hesabu kila siku, au yuko kwenye mkataba wa mwaka na zaidi mpaka chombo kiwe chake. Tajiri hagharimii mkono asioulipa mshahara. Kampuni ya mkopo inahesabu siku zilizobaki. Halmashauri inahesabu ushuru wa maegesho. Polisi anahesabu makosa. Kila mmoja ana daftari, na hakuna daftari lenye safu ya vidole. Lakini pale ambapo chama cha madereva kinakaa na wauza pikipiki kujadili mikataba, kinga za mikono na koili yenye uwezo vinaweza kuwa kipengele, kama kofia ngumu ya pili ilivyo au ilivyopaswa kuwa. Na pikipiki za umeme zinazoingia sasa zinaondoa kisingizio kikubwa kabisa: kwa betri ya kilowati-saa tatu, vishikio vya wati 30 vikiwaka saa nzima hula asilimia moja tu ya chaji. Wanaouza vyombo hivyo kwenye nyanda za juu wasingoje kuombwa.

Naanza na Serikali kwa sababu kwake hakuna pa kujificha. Haiwezi kusema yeye si wangu. Imempa cheo, imempa pikipiki, imempa kata, imemwandikia barua.

Nilimpigia kijana simu baada ya kuisoma. Alikuwa amekwisha kuving'oa, siku ya sita, kwa mkono wake mwenyewe, akavifunga kwenye boksi na kuliweka chini ya kitanda. Pale swichi ilipokuwa ameviringisha mkanda mweusi. Maelezo yake ya maandishi nilimsaidia kuyanyoosha. Sentensi iliyotaja baridi alitaka kuifuta kwa hofu ya kuonekana mlalamishi, nikamshauri aiache. Majibu hayajaja. Kwa sasa ameshonesha mifuko ya turubai kwa fundi wa viti, ile ya kuingiza mikono, na anasema upepo umepungua ingawa ncha za vidole bado.

"Ila Mwalimu," akaniambia, "na hii nayo imefungwa kwenye chombo cha Serikali. Niiombee kibali, au ninyamaze?"